Rafu ya juu ya meko: maswali tunayoulizwa kila msimu wa baridi

Kuanzia Juni hadi Agosti, ukungu ukishateremka Lushoto, Njombe, Mufindi, Limuru na Nyeri, meko ya sebuleni huwashwa tena na watu huanza kuiona upya ile rafu iliyo juu yake. Inakuwa imebeba chaja za simu, barua za zamani, chupa ya dawa ya kikohozi na saa iliyosimama. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudi kila mwaka. Nimeyajibu kama ninavyomjibu mtu aliyeketi nami mbele ya moto.

Rafu ya meko ni ipi hasa?

Ni ubao, jiwe au zege lililotokeza juu ya mdomo wa meko. Mafundi wengi wa Nairobi na Arusha hawaitenganishi na meko yenyewe: vyote pamoja huitwa "fayaplesi". Kwa kawaida huwa sentimita 120 hadi 150 kutoka sakafuni, na kina chake ni sentimita 15 hadi 20, yaani inatosha sahani iliyosimamishwa lakini haitoshi sahani iliyolazwa.

Tofauti yake na rafu nyingine zote za nyumba ni hii: usiku wa baridi kila mtu hukaa akiielekea. Wageni, watoto na babu mwenye blanketi magotini, wote wanatazama upande mmoja. Kilichowekwa juu ya moto kinatazamwa kwa saa nzima mfululizo, na ndiyo maana nasema isiwekwe kitu ambacho mwenye nyumba hakipendi kwa dhati.

Nianzie wapi?

Ondoa kila kitu. Futa rafu, kisha iache tupu siku mbili tatu. Watu huona hili ni jambo la ajabu, lakini ukuta mtupu hukuonyesha umbo lake: kama ni mpana au mwembamba, kama mwanga wa dirisha huupiga asubuhi au jioni, kama jiwe lenyewe ni zuri kiasi cha kutotaka kufunikwa.

Baadaye rudisha kitu kimoja kikubwa kuliko ulivyodhani kinahitajika. Kioo, mchoro, sinia la shaba, chungu. Kikubwa hicho ndicho kinachoushika ukuta. Kikiwa ni cha kutundikwa, upana wake ukaribie theluthi mbili ya urefu wa rafu, na ukingo wake wa chini uwe sentimita 10 hadi 15 juu ya rafu, usipae hadi karibu na dari. Kisha weka kirefu chembamba upande mmoja, na kifupi kinene karibu yake. Upande wa pili uache upumue.

Kwetu kuna chungu cha Wakisi, wafinyanzi wa mwambao wa Ziwa Nyasa ambao vyungu vyao huuzwa Matema. Kimekaa kushoto, si katikati. Shingoni kina alama ndogo ya kidole gumba, mahali ambapo mfinyanzi alikibana kikiwa bado kibichi. Mchana huioni. Moto ukiwaka, mwanga unapanda kutoka chini na ule mbonyeo unajaa kivuli, ukauona waziwazi kutoka kwenye kochi. Kitu chenye mikono ya mtu ndani yake hunufaika na moto kuliko kitu laini cha kiwandani.

Nyumba yetu ni ya mawe, ya enzi za ukoloni. Tuifanye ya kisasa?

Msipake rangi lile jiwe. Hilo ndilo ombi langu la kwanza na la mwisho. Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal, na Limuru ya mashamba ya chai, zina meko ya mawe yaliyochongwa kwa mkono. Jiwe likishapakwa rangi, vitundu vyake hunywa rangi hiyo na kuitoa tena ni kazi ya wiki nzima, na halirudi lilivyokuwa.

Jiwe zito linataka vitu vyenye uzito wa macho: shaba, mbao nene, vyungu, vitabu vyenye majalada ya kitambaa. Fremu nyembamba za plastiki hupotea kabisa mbele yake. Kama rafu ni ya mbao na imepinda au imeliwa na mchwa, tafuta ubao mmoja mzima wa mninga au mkongo, uachwe na mkunjo wake wa asili upande wa mbele, na upakwe mafuta badala ya vanishi inayong'aa.

Swali linalofuata huwa: Wazungu wenyewe waliweka nini? Katika karne ya 17 na ya 18, matajiri wa Uholanzi na Uingereza waliagiza kutoka China seti za vyombo vya kaure, mara nyingi vitano, vyenye vifuniko na visivyo navyo vikipishana, kwa ajili ya kupangwa juu ya meko na makabati. Baadaye ikaingia saa katikati na vinara vya mishumaa pembeni. Ule mpangilio wa "kitu katikati, viwili viwili pembeni" ambao bado tunauona kwenye sebule nyingi umetoka huko. Ni mzuri kwenye chumba kirefu chenye madirisha sawa pande zote. Kwenye sebule zetu nyingi, ambapo mlango uko upande mmoja na kabati upande mwingine, unalazimisha usawa ambao chumba hakina.

Nataka mtindo wa pwani, ila naishi bara kwenye baridi. Vitapatana?

Vitapatana vizuri kuliko watu wanavyofikiri, na swali hili nalipenda kuliko yote.

Wakati kaure ya China ilipokuwa ikipandishwa juu ya meko ya Amsterdam, kaure kutoka China hiyo hiyo ilikuwa tayari ina makao yake ya kale kwenye mwambao wetu. Vipande vyake vimefukuliwa Gedi, magofu ya mji wa kale karibu na Malindi. Mabakuli yalijengewa kwenye nguzo za makaburi, na katika nyumba za mawe za Lamu, nyingi zikiwa za karne ya 18, sahani na mabakuli yalipangwa kwenye zidaka: safu kwa safu za vishubaka vilivyochongwa kwenye lipu ya chokaa, katika ukuta wa chumba cha ndani kabisa. Pwani haikuhitaji moto wa kujipasha, lakini ilihitaji kile kile ambacho rafu ya meko inafanya, ukuta mmoja wa nyumba unaobeba vitu vya thamani na kuwaambia wanaoingia ni nyumba ya nani.

Angalia jinsi zidaka zinavyofanya kazi. Vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Chumba chembamba kingebana kama kuta zote zingekuwa bapa. Zidaka huupa ukuta kina, jicho linaingia ndani. Tena kila chombo kina nyumba yake ndogo, hakigombani na jirani. Nafasi tupu inayokizunguka imejengwa kwa chokaa, huwezi kuijaza hata ukitaka.

Kwa hiyo ukitaka pwani juu ya meko yako, usianze na ngalawa ndogo za kuuzia watalii. Anza na ukuta. Mwambie fundi akutengenezee vishubaka viwili au vitatu kila upande wa meko, vyenye vichwa vya upinde au vya mraba, avipige lipu laini na kuvipaka chokaa nyeupe. Vikae pembeni, kamwe visichongwe kwenye kifua cha ukuta kilicho juu ya moto, kwa kuwa humo ndimo dohani, yaani njia ya kutolea moshi, inamopita na kuutoboa ni kukaribisha moshi na moto sebuleni. Ndani ya vishubaka weka sahani moja moja. Juu ya rafu yenyewe weka dele la kahawa la shaba, chetezo cha kufukizia udi au mrashi wa kunyunyizia marashi, basi. Mkeka wa ukili chini, mbali na cheche, na umemaliza.

Ukipata nafasi ya kwenda Lamu, mji ulioingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, ingia kwenye nyumba ya Kiswahili iliyohifadhiwa kama makumbusho, usimame mbele ya zidaka dakika chache. Utajifunza zaidi ya haya niliyoandika.

Meko yetu ni ya matofali ya kuchoma. Yanaonekana meusi na mazito.

Nyumba za Iringa, Mafinga na Mbeya ziko hivi. Tofali jekundu hunyonya mwanga, kwa hiyo weka juu yake vitu vya rangi ya nyasi na maziwa: vikapu vya Iringa vilivyosukwa kwa milulu, kitambaa cha pamba kilichotiwa fremu, bakuli la mawe meupe ya Kisii, yale yanayochongwa Tabaka. Jiwe la Kisii lina faida nyingine, halisumbuliwi na joto. Vikapu vitundikwe juu kabisa ya rafu na si chini yake, maana milulu mikavu ni sawa na njiti ya kuwashia.

Nyumba mpya, rafu ya jipsamu, meko ya umeme. Kuna la kufanya?

Lipo, na ni rahisi. Meko ya umeme mengi hutoa joto la kilowati 1.5 hadi 2 kupitia tundu la mbele, kwa hiyo rafu haipati moshi wala masizi. Unaweza kuweka karibu chochote. Hatari ya nyumba hizi ni kufanana. Jipsamu nyeupe, ukuta wa kijivu, vasi mbili nyeupe, maua ya plastiki. Vunja weupe huo kwa kitu kimoja cheusi au chekundu chenye umri: stuli ya zamani ya miguu mitatu iliyopandishwa juu, kinu kidogo, kitabu cha bibi.

Ila kuna jambo lazima niliseme bila kuzunguka. Kuna watu hujengewa meko ya urembo tu, yasiyo na dohani, kisha baridi ikizidi huweka jiko la mkaa ndani yake "ili yafanane na ya kweli". Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu, monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi. Kila msimu wa baridi huua familia zikiwa usingizini. Meko yasiyo na dohani yawekewe magogo yasiyowashwa, taa ndogo za LED au mimea ya vyungu. Mkaa, hapana.

Je, runinga ikae juu ya meko?

Kama moto ni wa kuni, jibu langu ni hapana. Televisheni nyingi zimetengenezwa kufanya kazi kwenye joto lisilozidi nyuzi 40 za Selsiasi, na ukuta wa juu ya moto hupita hapo bila shida. Tena utaitazama shingo ikiwa imeinuka. Ukilazimika, washa moto mkubwa kwanza kwa saa moja, weka kipimajoto mahali runinga itakapokaa, usome ndipo uamue.

Picha za wazee wetu waliotangulia zikae hapo?

Hapo ndipo mahali pa heshima, naelewa. Lakini tafadhali weka nakala, ya asili itunzwe.

Picha ya babu yangu ilikaa juu ya meko miaka mingi, amevaa koti na kofia, mkono mmoja umeshika kiti. Ilikuwa imebanwa moja kwa moja kwenye kioo cha fremu. Joto la kila jioni na unyevu wa ukungu wa kila asubuhi viliigandisha taratibu. Siku tulipotaka kuitoa ili tuichapishe upya kwa ajili ya arobaini ya bibi, uso ulibaki kwenye kioo na karatasi ikatoka na koti tu. Tulikuwa na ile moja.

Kwa hiyo ipige picha au uiskani leo. Nakala iwekwe kwenye fremu yenye karatasi ya pembeni inayoitenga na kioo. Usipange picha kumi na tano zilizosongamana, kwani hakuna atakayemwona mtu hata mmoja. Chagua tatu, ubadilishe mwaka ukigeuka. Watoto huuliza "huyu ni nani?" pale sura inapobadilika, na hapo ndipo hadithi za ukoo zinapoanza.

Vinyago vya Wamakonde na michoro ya Tingatinga vitahimili joto?

Mpingo ni mti mzito unaozama majini, lakini uzito haumaanishi hauna maji ndani. Kinyago kipya kikipelekwa ghafla mbele ya moto mkali hukauka upande mmoja haraka kuliko mwingine na kupasuka, mara nyingi kwa mstari mrefu kuanzia kichwani. Kizoeze: kwanza mbali na meko kwa miezi michache, kisha mwisho wa rafu, kamwe si katikati juu ya mwali.

Tingatinga ni habari nyingine. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia mbao za fiba na rangi ya mafuta ya kung'aa, na wengi wanaomfuata bado wanatumia rangi za aina hiyo. Rangi hizo hupendeza ajabu kwenye mwanga wa moto, chui na ndege wanakuwa kama wanatikisika. Tundika juu vya kutosha: weka kiganja ukutani moto ukiwa mkali, na mahali unapoweza kukiacha bila kukiondoa, hapo panafaa.

Umbali gani ni salama?

Kanuni za ujenzi za Marekani zinatoa kipimo ambacho naona kinafaa popote. Kitu chochote kinachoweza kuungua kisikae ndani ya sentimita 15 kutoka kwenye mdomo wa meko. Kati ya sentimita 15 na 30, kisitokeze zaidi ya milimita 3 kwa kila sentimita 2.5 za umbali. Yaani ubao ulio sentimita 20 juu ya mdomo usitokeze zaidi ya takriban sentimita 2.5. Ukitaka rafu ya mbao yenye kina cha sentimita 18, ipandishe ipite sentimita 30.

Kitambaa kinachoning'inia kwenye ukingo wa rafu, hata kiwe kanga nzuri namna gani, sikishauri wakati moto unawaka.

Krismasi na Idi tunapambaje?

Majani mabichi ya msonobari au mkaratusi hukauka haraka juu ya joto, na yana mafuta, kwa hiyo yabadilishe kila baada ya siku chache au usiwashe moto siku hizo. Tumia taa za LED badala ya mishumaa. Kwa Idi, napenda rafu iondolewe karibu kila kitu, libaki sinia la shaba lililosuguliwa, chetezo chenye udi na bakuli la tende ambalo mgeni analifikia akiwa amesimama. Inatosha.

Niko Uingereza kwenye nyumba ya enzi za Malkia Victoria, meko yamezibwa.

Mengi yalizibwa kwa sababu. Baada ya moshi mzito ulioifunika London Desemba 1952, ilipitishwa sheria ya hewa safi mwaka 1956 iliyoruhusu maeneo yasiyotoa moshi, na nyumba nyingi zikahamia gesi na umeme. Mlioko huko mmebaki na rafu nzuri isiyo na moto chini yake. Chunguza kabla ya kuipaka rangi: nyingi ni marumaru, na nyingine ni mawe ya sleti yaliyopakwa rangi ili yafanane na marumaru, nayo yanapendeza yakisafishwa. Hakikisha pana tundu dogo la hewa mahali palipozibwa, la sivyo unyevu hujikusanya ndani ya dohani na kutokea kama madoa ukutani.

Kwa kuwa hakuna joto, nyinyi ndio wenye uhuru wa kuweka vile ambavyo sisi tunaviogopea: vikapu, mikeka midogo, kanga iliyokunjwa, mchoro wa karatasi. Kule ambako jua huzama saa kumi alasiri mwezi Desemba, kikapu kimoja cha milulu chenye taa ndogo nyuma yake hubadilisha chumba kizima.

Kila nikipamba, masizi yanachafua. Nifanyeje?

Doa jeusi juu ya mdomo wa meko ni dalili kwamba moshi haupandi wote. Usipambe kwanza, tafuta chanzo. Huenda dohani ina kiota cha ndege au haijasafishwa. Huenda ni nyembamba mno: uwazi wake ukiwa chini ya moja ya kumi ya uwazi wa mdomo wa meko, moshi hurudi. Au kuni ni mbichi. Miwati na mikaratusi ipasuliwe na kuanikwa mahali penye upepo kwa miezi kadhaa, hadi gogo likigongwa na jingine lilie kavu.

Masizi yaondolewe kwa brashi kavu kwanza. Ukianza na kitambaa chenye maji, unayasukuma ndani ya jiwe. Baada ya brashi ndipo maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Shaba isugue kwa ndimu na majivu laini yaliyochekechwa kutoka kwenye meko yenyewe, kisha isuuze na kuikausha papo hapo. Ndimu hiyo isidondoke kwenye marumaru, maana tindikali hula mng'ao wake na alama haitoki. Sugulia nje, kwenye beseni.